Vihisi vya Mtetemo vya Kupimia Vimiminika Viwandani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Majibu haya ni kwa mafundi wa vipimo, wasimamizi wa zamu na wenye viwanda vidogo vya korosho, chumvi, mafuta ya kula na nishati kuanzia Kilwa hadi Mtwara. Tunatumia neno kihisi. Mafundi wengi husema sensa, na ni kitu hicho hicho.

Kihisi cha mtetemo kinapima nini hasa?

Kinapima mtetemo wake chenyewe, na jambo hili lishikwe kabla ya mengine yote. Ndani yake kuna kipande cha chuma, mara nyingi uma wenye meno mawili au bomba jembamba lililokunjwa, ambacho umeme hukitikisa kwa kasi yake ya asili. Kikiwa hewani hutetemeka kwa kasi fulani. Ukikizamisha, kimiminika kilichokizunguka kinalazimika kusogea pamoja nacho, kwa hiyo chuma kinakuwa kama kimeongezewa mzigo na mtetemo unapungua kasi. Kimiminika kizito hupunguza zaidi. Kutokana na kupungua huko, kompyuta ndogo iliyo kichwani hukokotoa densiti, yaani kilo kwa kila mita ya ujazo.

Chochote kinachogusa mtetemo huo huingia kwenye namba unayosoma: viputo vya hewa, utando wa uchafu, ukuta wa tangi ulio karibu mno, joto, hata boliti iliyolegea. Kihisi hakijui kama kilichokigusa ni maji ya chumvi au ni tope.

Mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka, unapatikanaje kwenye mtetemo huo huo?

Kwa kuangalia jinsi mtetemo unavyofifia. Kengele ukiigonga hewani hulia kwa muda mrefu, ukiigonga ndani ya asali inazima mara moja. Kihisi hupima upana wa eneo la kasi ambamo chuma bado kinaitikia. Eneo likiwa jembamba, kimiminika ni chepesi kama maji. Likipanuka, ni kizito kumiminika. Kipimo ni milipaskali-sekunde, ambayo ni sawasawa na sentipoizi ya vitabu vya zamani. Maji ya nyuzi 20 yana mnato wa 1.0, na yakifika nyuzi 30 hushuka hadi 0.8.

Kwa hiyo kihisi kizuri hutoa namba tatu kwa pamoja: kasi ya mtetemo, kiwango cha kufifia, na joto. Fundi anayesoma moja tu ameacha theluthi mbili za taarifa aliyoilipia.

Kuna aina ngapi, na ipi inanifaa?

Utakutana na tatu. Uma wa meno mawili huingizwa moja kwa moja kwenye bomba au tangi, na ndio unaofaa kazi nyingi za hapa. Bomba linalotetemeka hupitisha kimiminika ndani yake. Hilo ni sahihi zaidi kwa densiti, lakini huziba kirahisi na halipendi chembe. Ya tatu ni swichi ya uma ya kupimia kimo, ambayo kazi yake ni kusema tu "kimiminika kimefika" au "hakijafika". Swichi za aina hii hutetemeka kama mara elfu moja na zaidi kwa sekunde hewani, na kasi ikishuka kwa kiasi kilichopangwa hubadilisha hali. Usinunue swichi ukitegemea ikupe densiti.

Je, kinafaa kwenye mashamba ya chumvi?

Kinafaa sana, kwa sababu kutengeneza chumvi ya jua ni kazi ya densiti tangu mwanzo hadi mwisho. Maji ya bahari yanaingia yakiwa na kilo 1,025 hivi kwa mita ya ujazo, sawa na digrii 3.5 za Baumé, kipimo cha ukolezi wa maji ya chumvi. Jua na upepo vikiyakausha kutoka jaruba moja hadi jingine, chokaa hutangulia kujitenga, kisha kuanzia digrii 13 hivi inaanza jasi, na chumvi yenyewe huanza kuganda kwenye digrii 25.5, yaani kilo 1,213. Ikifika digrii 29, kilo 1,250, inabidi maji yaliyobaki yamwagwe. Yakiachwa zaidi, chumvi za magnesiamu huingia kwenye zao, na chumvi inakuwa chungu na inavuta unyevu ghalani.

Nafasi ya kosa ni ndogo. Ukihamisha maji kwenda jaruba la kugandishia yakiwa bado digrii 23, jasi inagandia mahali pa chumvi. Ukichelewa, chumvi inaganda kwenye jaruba na bomba lisilo lake.

Mahali pa kufunga ni kwenye bomba la pampu kati ya jaruba la mwisho la kukoleza na la kwanza la kugandishia. Usikichomeke ndani ya jaruba. Maji pale ni ya kina kifupi, juu na chini hayana joto moja, na mvua ikinyesha maji yake yasiyo na chumvi huelea juu ya maji mazito bila kuchanganyika. Kihisi kilicho chini kitaendelea kusema 1,210 huku safu ya juu ikiwa karibu maji ya kunywa.

Pampu ikisimama, suuza kihisi kwa maji yasiyo na chumvi kwa dakika mbili au tatu. Fuwele zikikauka katikati ya meno, pampu ikiwashwa kesho yake asubuhi namba inatoka ya uongo. Zaidi, usikwangue kwa bisibisi: chumvi inayeyuka yenyewe kwenye maji ya uvuguvugu. Jasi haiyeyuki hivyo. Kwa utando wa jasi, tumia brashi laini ya nailoni kila wiki kabla haujawa mnene.

Kuhusu chuma, tunasema wazi: chuma cha pua cha daraja 316L hakifai kukaa muda mrefu kwenye maji mazito ya chumvi yenye joto la huku. Kloridi hukitoboa vitundu vidogo vidogo. Titani ni ghali, lakini inadumu.

Na kama una majaruba manne au matano tu, haidromita ya kioo (kifaa kinachoelea cha kupimia densiti) na nidhamu ya kupima asubuhi na jioni vinatosha. Fedha ya kihisi iweke kwenye pampu.

Na mafuta ya maganda ya korosho?

Hapa watu wengi wanapima namba isiyo sahihi. Mafuta haya yana densiti ya kilo 950 hadi 970 hivi kwa nyuzi 30, na hubaki karibu na hapo hata yanapoharibika. Kinachobadilika ni mnato. Yakikaa kwenye moto mrefu, molekuli zake huungana na kuwa minyororo, na mafuta huwa mazito, kisha utomvu, mwisho gundi ngumu. Kwenye kiwanda kinachokaanga korosho ndani ya mafuta hayo kwa nyuzi 180 hadi 200, mnato ndio unaokuambia lini utoe mafuta ya zamani na kuongeza mapya.

Swali linaloambatana na hili ni kama densiti inaweza kuonyesha maji yaliyochanganyika. Piga hesabu. Mafuta ni 960, maji ni karibu 1,000. Asilimia moja ya maji inabadilisha densiti kwa kilo 0.4 tu, wakati kosa la nyuzi moja ya joto linakaribia au kuzidi kiasi hicho. Kwa hiyo hapana. Maji yapimwe maabara.

Usikifunge kihisi ndani ya karai la kukaangia lenyewe. Joto la nyuzi 200 ni ukingoni mwa uwezo wa vihisi vingi vya kawaida, na vipande vya maganda vitakwama kwenye meno. Toa tawi la bomba, weka chujio, pitisha mafuta kwenye kipozaji hadi nyuzi 60 au 80, kisha upime hapo. Chagua joto moja na ulishikilie, kwa sababu mnato wa mafuta haya unabadilika sana kwa tofauti ya nyuzi chache, na namba mbili za joto tofauti haziwezi kulinganishwa.

Usafi ufanyike mafuta yakiwa bado ya moto kiasi cha kumiminika: sukuma nje kwa mafuta safi ya uvuguvugu, acha bomba lipoe, kisha futa kwa kitambaa chenye dizeli mbali na moto. Mafuta haya yanaunguza ngozi vibaya, kama anavyojua kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono. Vaa glavu nene za mpira na miwani. Yakishaganda kama vanishi, kamwe usiyachome kwa mtungi wa gesi ya kuchomelea. Utabadilisha ugumu wa chuma na kihisi hakitarudi kwenye kipimo chake cha kiwandani.

Mafuta ya ufuta je?

Kwa kiwanda kidogo, kinasaidia zaidi kutambua mpaka kati ya mafuta na maji ya kuoshea kwenye bomba, kwa kuwa mafuta ya ufuta ni kama kilo 920 na maji ni karibu 1,000. Tofauti ya 80 inaonekana mara moja. Ubora wa mafuta yenyewe hautaujua kwa densiti.

Kifungwe wapi kwenye bomba?

Nusu ya matatizo yote ya vihisi hivi ni mahali vilipofungwa, na hakuna programu itakayoyaponya.

Bomba lazima liwe limejaa wakati wote. Bomba la wima ambalo kimiminika kinapanda ndilo bora, kwa sababu hewa inatoka juu na hakuna nafasi tupu. Likiwa la mlalo, ingiza kihisi kutoka ubavuni. Ukikiweka juu, viputo vitakusanyika hapo. Ukikiweka chini, utapima tope. Meno yageuzwe ili kimiminika kipite kati yake, na karibu kila mtengenezaji amepiga alama mwilini mwa kihisi kuonyesha upande huo. Iangalie alama kabla ya kukaza flanji, maana gasketi ikishabanwa watu huona uvivu kufungua tena. Kwenye ubavu wa tangi, nyuso za meno zisimame wima ili mashapo yaanguke badala ya kutuama.

Kaa mbali na mdomo wa pampu na kona kali. Kihisi kiwe upande ambao pampu inasukuma, kwenye shinikizo. Upande inaovuta, hewa hutoka kwenye kimiminika na viputo huzaliwa. Kama mwendo ni mkali kuliko kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha kifaa, tengeneza bomba la pembeni lenye vali mbili, ili sehemu ndogo ya kimiminika ipite kihisini polepole. Bomba hilo la pembeni lina faida nyingine kubwa: unaweza kutoa kihisi na kukisafisha bila kusimamisha kiwanda.

Ukuta wa bomba nao huhesabika. Meno yakiwa karibu nao, kimiminika kilichobanwa katikati huongeza mzigo kwenye mtetemo. Kihisi kilichopimwa kiwandani ndani ya bomba la inchi 4, kikifungwa kwenye la inchi 2, kitatoa namba iliyohama hata kama kila kitu kingine ni sahihi.

Namba inachezacheza na iko chini kuliko inavyotakiwa. Kwa nini?

Hewa. Chukua maji ya chumvi ya kilo 1,213 na uyachanganye na asilimia 2 tu ya viputo kwa ujazo. Kihisi kitasoma 1,189 hivi, ambayo ni digrii 23 badala ya 25.5, na msimamizi atasubiri siku nzima maji ambayo yalikwisha kuwa tayari. Tafuta hewa inakoingia: mpira wa shafti ya pampu uliochakaa, bomba la kuvutia lisilozama vya kutosha, au kimiminika kinachoanguka tangini kutoka juu badala ya kuingizwa chini ya uso. Kuongeza muda wa wastani kwenye transmita, yaani sehemu ya kihisi inayotuma namba, mathalani kutoka sekunde 2 hadi 20, kunatuliza namba lakini hakuirudishi mahali pake. Itakuwa uongo uliotulia.

Namba inapanda kidogo kidogo kila wiki, lakini maabara inasema hakuna mabadiliko.

Utando umeshika kwenye meno. Chuma kimeongezeka uzito, mtetemo umepungua kasi, na kihisi kinatafsiri hivyo kuwa kimiminika kimekuwa kizito. Kutu huhamisha namba pia.

Inafaa kujua kihisi kinaona mbali kiasi gani. Kwa mtetemo wa mara 1,000 kwa sekunde, kwenye maji safu inayovutwa na mnato ina unene wa sehemu 18 za elfu za milimita. Kwenye mafuta yenye mnato wa 500, ni kama milimita 0.4. Sasa fikiria utando wa milimita moja. Kwa upande wa mnato, kihisi hakikigusi tena kimiminika chako, kinapima uchafu.

Kwa nini mnato wa kihisi na ule wa maabara haufanani?

Kama kimiminika ni maji, dizeli au mafuta ya kula, vinapaswa kufanana kwenye joto lile lile. Visipofanana, anza na joto. Lakini rangi za kupaka, tope la kuchimbia visima, uji na mafuta ya korosho yaliyozeeka hubadilisha mnato kulingana na kasi ya kukorogwa. Kipimo cha maabara chenye kijiti kinachozunguka hukoroga taratibu. Kihisi kinatikisa mara mamia au maelfu kwa sekunde, na kimiminika cha aina hiyo hulegea kinapotikiswa hivyo. Namba zote mbili ni za kweli. Andaa jedwali: chukua sampuli kumi kwa siku tofauti, andika namba ya kihisi, ya maabara na joto, kisha utumie uhusiano huo. Usibadilishe kipimo cha kiwandani ili kulazimisha zifanane.

Joto lina uzito gani kwenye densiti?

Kubwa. Dizeli hupoteza kama kilo 0.7 kwa mita ya ujazo kwa kila nyuzi moja inayopanda, maji mazito ya chumvi karibu 0.5. Dizeli iliyopakuliwa saa nane mchana ikiwa nyuzi 35, ikilinganishwa na cheti kilichoandikwa kwa nyuzi 15, itaonekana pungufu kwa kilo 14, na hapo ugomvi huanza bila sababu. Hakikisha transmita imewekwa kurekebisha kwa joto la rejea linalotumika kwenye mkataba wako, na kwamba imechaguliwa aina sahihi ya kimiminika. Bomba lililo juani livikwe kizuia joto mita moja kila upande wa kihisi.

Nawezaje kukihakiki bila kukisafirisha kwenda Dar es Salaam?

Kwanza hewani. Funga vali, toa shinikizo, toa kihisi, kisafishe na ukikaushe kabisa. Kining'inize kivulini, mbali na feni na upepo wa baharini, meno yakiwa walau sentimita 10 kutoka kitu chochote. Subiri nusu saa joto litulie, kisha usome kasi ya mtetemo na uilinganishe na ile iliyo kwenye cheti chake. Imehama? Safisha tena kabla ya kulaumu kifaa.

Pili, majini. Tumia maji yaliyotoneshwa. Yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kama maji ya betri yanafaa, ila soma lebo uhakikishe si asidi. Ya bomba na ya kisima huku yana madini yanayopandisha densiti. Yachemshe ili hewa iliyoyeyuka itoke, yaache yapoe, zamisha meno na uyapanguse viputo kwa kidole. Kwa nyuzi 25 unatakiwa kusoma 997.0, kwa nyuzi 28 ni 996.2, kwa nyuzi 30 ni 995.7.

Tatu, kwenye kimiminika chako. Pima chupa ya maabara ya mililita 100 ikiwa tupu na kavu, kwa mizani ya gramu 0.01. Ijaze hadi alama, ipime tena, toa, zidisha kwa 10: hiyo ni densiti kwa kilo kwa mita ya ujazo. Joto la sampuli na la kihisi yawe sawa, ndani ya nusu nyuzi.

Fanya hivi kabla ya msimu kuanza na uandike daftarini. Rekodi ya miaka mitatu ya kasi ya hewani ina thamani kuliko cheti kipya kisicho na historia.

Kihisi kinaonyesha namba sahihi, skrini ya chumba cha udhibiti inaonyesha nyingine.

Mipaka haifanani. Tuseme transmita imewekwa 1,000 hadi 1,300, ikituma miliampea 4 hadi 20. Densiti ya 1,213 itatoka kama miliampea 15.36. Kama kompyuta ya udhibiti imewekwa 900 hadi 1,300, itaisoma 15.36 hiyo kuwa 1,184. Weka mita kwenye waya, piga hesabu hiyo kwa mkono, na utajua kosa liko upande gani ndani ya dakika tano. Ukikuta miliampea 3.6 au pungufu, au 21 na kuzidi, hiyo kwa kawaida ni ishara ya hitilafu inayotumwa kwa makusudi. Si kipimo.

Hewa ya pwani na umeme vinaathiri vipi?

Chumvi huingia kupitia glandi, yaani kibano cha mahali waya unapoingilia, kabla ya kuingia kwingine popote. Elekeza glandi chini, acha waya upinde kidogo ili maji yadondoke kabla ya kufika, na ziba matundu yasiyotumika kwa vizibo vya chuma badala ya tepu. Kwa masika, kagua pakiti ya kukausha unyevu kichwani. Weka kinga ya radi kwenye mstari wa volti 24 na uunganishe ardhi kwa nukta moja tu. Waya wa ngao ukishikwa ardhini pande zote mbili huleta kelele kwenye namba.

Kimeanguka sakafuni. Meno yanaonekana sawa.

Kihakiki hewani. Jicho halioni mpindo wa sehemu ya kumi ya milimita, ila mtetemo unauona. Usijaribu kuyanyoosha.

Naweza kukitumia kuuzia na kununulia?

Kwa udhibiti wa ndani ya kiwanda, uko huru. Kipimo kinapotumika kwenye biashara, kinahitaji kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na waulizwe kabla ya kununua kifaa.

Kwenye mitambo ya gesi?

Vihisi vya mtetemo hutumika huko, mathalani kwa kimo cha vimiminika kwenye vyombo vya kutenganishia. Lakini eneo lenye gesi inayoweza kulipuka linataka kifaa chenye cheti cha eneo hilo, pamoja na glandi na kizuizi cha umeme vinavyolingana nacho. Kifuniko kisifunguliwe umeme ukiwepo, hata kwa sekunde ya kusoma skrini, na kazi isianze bila kibali cha maandishi na kipimo cha gesi cha siku hiyo hiyo.